Kigeu cha mazingira kwenye Linux: namna ya kukifanya kidumu

Unaandika amri kwenye Termux, inakubali. Unafunga programu, unachaji simu, unarudi jioni na ulichoweka hakipo. Simu yako si mbovu. Sheli haikumbuki jambo mpaka liandikwe mahali inaposoma kila inapoanza.

Maana ya maneno haya

Sheli ni programu inayopokea amri unazoandika na kuzitekeleza. Kwenye Termux, kama kwenye kompyuta nyingi za Linux, sheli ya kawaida ni Bash, iliyotoka mwaka 1989.

Kigeu cha mazingira ni jina lililobeba thamani fulani, ambalo sheli huzikabidhi programu zote inazozianzisha. Utaratibu huu ulianza kwenye Unix toleo la 7, mwaka 1979. HOME, kwa mfano, hutaja folda yako. PATH ni orodha ya folda ambamo sheli hutafuta amri.

Kwa nini hupotea

Tuseme unahifadhi sauti kwenye folda iitwayo rekodi, ukaandika:

export REKODI="$HOME/rekodi"

Kigeu hicho kinaishi ndani ya sheli hiyo tu, pamoja na programu zilizoanzishwa humo. Ukiifunga, nacho kinaondoka.

Kukifanya kidumu

Bash ya Termux husoma faili liitwalo .bashrc kila inapoanza. Nukta ya mwanzo hulificha, kwa hiyo lionekane kwa kuandika ls -a. Fuata hatua hizi:

1. Kama faili tayari lipo, weka nakala:
cp ~/.bashrc ~/.bashrc.akiba

2. Ongeza mstari wako:
echo 'export REKODI="$HOME/rekodi"' >> ~/.bashrc

3. Lisomeshe faili sasa hivi:
source ~/.bashrc

4. Hakikisha:
echo $REKODI

Funga Termux, fungua tena, kisha rudia hatua ya 4. Jibu likitokea, kazi imekamilika. Usiache nafasi kabla wala baada ya alama ya =, na kumbuka kuwa REKODI na rekodi ni majina mawili tofauti.

Mahali pa kuwa mwangalifu

Alama >> huongeza mstari mwishoni mwa faili. Ukiandika > moja, kila kilichokuwamo kinafutwa bila kuulizwa. Ndiyo maana tulianza na nakala.

PATH inataka uangalifu zaidi. Kuongeza folda yako, andika hivi:

export PATH="$PATH:$HOME/bin"

Ukisahau kuweka $PATH mle ndani, orodha ya zamani inafutika na hata ls haitapatikana. Kufunga na kufungua hakusaidii, kwani kosa limeshaandikwa kwenye faili. Likikukuta kwenye Termux, andika export PATH=$PREFIX/bin. Amri zitarudi kwa muda, nawe utapata nafasi ya kurudisha nakala:

cp ~/.bashrc.akiba ~/.bashrc

Usiweke nywila wala namba ya siri ya pesa humo. Faili hili ni maandishi matupu; anayeshika simu yako ikiwa wazi anaweza kulisoma. Pia usibandike mstari uliotumiwa kwenye kundi la WhatsApp kabla ya kuuelewa, maana utakuwa unatekelezwa kila siku.

Kwenye kompyuta ya shule au ofisi

Kwenye Ubuntu, .bashrc hutumika unapofungua dirisha la amri. Ukitaka kigeu kifikie programu zote baada ya kuingia kwenye akaunti yako, kiandike kwenye ~/.profile, kisha utoke na kuingia upya. Cha watumiaji wote huwekwa kwenye /etc/environment, bila neno export, na kinahitaji ruhusa ya msimamizi. Wanaotumia sheli ya Zsh waandike kwenye ~/.zshrc. Kujua sheli yako ya kawaida, andika echo $SHELL.