Uhura: neno letu lililopanda chombo cha anga

Haya wasomaji wangu, leo tuache kidogo siasa na foleni ya malori ya hapa Tunduma. Nataka tuzungumzie kitabu. Tena si kitabu cha mtihani. Ni riwaya ya kubuni ya kisayansi, iliyoandikwa na Mmarekani kutokana na kipindi cha televisheni. Inaitwa Uhura's Song, yaani Wimbo wa Uhura. Mwandishi wake ni Janet Kagan, aliyefariki mwaka 2008, na kitabu kilitoka mwaka 1985. Mtaniuliza, kitabu hicho kinatuhusu nini sisi watu wa Songwe? Subirini. Tuanze na hilo jina kwanza, maana lina historia ndefu kuliko kitabu chenyewe.

Kipindi ninachokisema ni Star Trek. Kilianza kurushwa Marekani tarehe 8 Septemba 1966. Kinahusu chombo cha anga kiitwacho Enterprise, na watu wa mataifa mbalimbali wanaosafiri nacho kati ya nyota. Afisa mawasiliano wa chombo hicho ni Luteni Uhura, mwanamke mweusi kutoka Afrika, na aliyemwigiza ni Nichelle Nichols. Kumbukeni ni Marekani ya miaka ya 60, wakati mwanamke mweusi akionekana kwenye televisheni mara nyingi alikuwa ameshika ufagio au sinia.

Sasa sikilizeni hili. Usiku huo wa kwanza kabisa, Uhura anakutana na mwanamume mweusi (kumbe ni kiumbe kilichojigeuza) na wanasemezana kwa Kiswahili. Mwaka 1967, katika kipindi kingine, mashine inamfutia kumbukumbu zote. Inabidi afundishwe Kiingereza upya kama mtoto wa darasa la kwanza, na akikwama anatoa Kiswahili.

Pigeni hesabu wenyewe. Mwaka 1966 Tanganyika ilikuwa imetimiza miaka mitano ya uhuru. Azimio la Arusha lilikuwa bado halijaandikwa. Zanzibar ilipata televisheni katika miaka ya mwanzo ya 1970, na Bara tulisubiri hadi mwaka 1994. Kwa hiyo Kiswahili kilisikika kwenye televisheni za Marekani miaka 28 hivi kabla Tanzania Bara haijawa na kituo chake. Wazee wetu walikuwa wanasikiliza redio tu, hawana habari kwamba lugha yao imeshapandishwa angani!

Neno lilifikaje huko? Nichols mwenyewe alisimulia mara nyingi kwamba siku ya usaili alikuwa na riwaya mkononi, inaitwa Uhuru, ya Robert Ruark, iliyotoka mwaka 1962. Neno likampendeza Gene Roddenberry, muasisi wa kipindi. Lakini kama jina la mwanamke waliliona kali, wakabadilisha herufi ya mwisho, Uhuru ikawa Uhura. Hapa kuna kejeli ya historia. Ruark alikuwa mwandishi na mwindaji wa Kimarekani, na Kenya aliyoiandika ni Kenya inayotazamwa zaidi kwa jicho la walowezi wenye hofu ya uhuru unaokuja. Neno likatoka kwenye kitabu cha hofu, likatua kwa mwanamke mweusi aliyekaa kwenye kiti chake kwa kujiamini.

Wala hawakuwa peke yao kuokota Kiswahili mwaka ule. Desemba 1966 Maulana Karenga alianzisha sikukuu ya Kwanzaa huko California, yenye maneno kama umoja, kujichagulia na ujamaa. Wamarekani weusi walikuwa wanatafuta lugha ya Kiafrika isiyofungwa kwenye kabila moja, na Kiswahili kilikuwa kinavuma kwa sababu ya uhuru wa Afrika Mashariki. Uhura ni mtoto wa upepo huo huo.

Sasa tuje kwenye sarufi, maana najua kuna walimu wanasoma hapa. Kiswahili hakina jinsia ya kike na kiume katika nomino. Herufi "a" mwishoni haimfanyi mtu kuwa mwanamke. Waulizeni Juma, Musa na Hamza! Mzizi ni -huru: mtu huru, nchi huru, uhuru. "Uhura" si neno. Ni neno letu lililovishwa gauni la Kilatini. Nimewauliza rafiki zangu kadhaa wanaopenda vitabu, Tunduma na Vwawa, na majibu yamegawanyika. Mwalimu mmoja wa sekondari amesema ni dharau, huwezi kuchukua neno ambalo watu wamelifia ukalipunguza makali ili lipendeze. Dada mmoja anayefanya uwakala wa forodha amecheka. Kwake yeye, kila neno likivuka mpaka linabadilishwa kama fedha, tena wewe mwenyewe ukienda Nakonde unaongea Kiswahili ambacho Dar wangekushangaa. Wote wawili wana hoja. Mimi niko karibu zaidi na huyo dada, ila nina sharti, na nitalisema.

Kwa miaka mingi Uhura hakuwa na jina la kwanza. Mashabiki wakambunia yao, na wengine wakamwita Penda. Mwaka 1982 mwandishi William Rotsler alikuwa anaandaa kitabu kidogo cha wasifu wa wahusika wa Star Trek. Akachagua jina Nyota, akamuuliza Roddenberry, akamuuliza na Nichols, wote wakaridhika. Safari hii neno ni sahihi kabisa, halina gauni. Lakini wenye kipindi walikuwa na sheria yao: kilichoonekana kwenye skrini ndicho cha kweli, kilichoandikwa vitabuni ni hadithi tu. Basi Nyota ikaishi vitabuni na midomoni mwa wasomaji kwa miaka 27, hadi filamu ya mwaka 2009 ilipolitamka. Mnaona nguvu ya wasomaji? Studio haikutoa amri. Watu walisoma, wakalipenda jina, wakalitumia, na mwishowe skrini ikawafuata wasomaji.

Ndipo tunafika kwenye riwaya ya Kagan. Kisa chake kwa ufupi: Uhura ana rafiki kutoka sayari ya viumbe wanaofanana na paka, na rafiki huyo alimfundisha nyimbo za kale za kwao. Baadaye tauni inaikumba sayari ile, na inawapata binadamu pia. Tiba inaonekana iko katika nchi ya asili ya mababu wa viumbe hao, ambayo hakuna anayejua ilipo. Ramani pekee iliyobaki ni nyimbo. Uhura anazikumbuka, na chombo kinafuata maneno ya wimbo.

Wasomaji wa riwaya za Star Trek wamebishana juu ya kitabu hiki tangu kitoke. Upande mmoja unasema ni miongoni mwa riwaya bora za mfululizo ule: wageni wa sayari nyingine wana mila, aibu na utani wao, si madude ya kupigwa risasi. Upande wa pili unalalamika, na malalamiko yao ndiyo yaliyonifanya niandike leo. Wanasema jina la Uhura liko kwenye jalada, lakini anayetamba ndani ni daktari mgeni, Evan Wilson, mhusika aliyebuniwa na mwandishi, mwenye kujua kila kitu na kupendwa na kila mtu. Uhura anaimba, Wilson anaendesha mambo.

Wengi wanaliona hilo kuwa suala la ufundi wa kuandika tu. Mimi naliona ni suala la historia. Jina letu juu ya jalada, mtu mwingine katikati ya kisa: mara ngapi tumeyaona hayo? Chukueni kimondo chetu cha Mbozi, pale Ndolezi, hilo pande la chuma kutoka angani lenye urefu wa mita tatu hivi na uzito unaokadiriwa kufikia tani 16. Vitabu vingi vinasema "kiligunduliwa" mwaka 1930 na W. H. Nott. Wenyeji walikuwa wanakijua zamani! Kilichotokea mwaka 1930 ni kwamba watu wa nje walipata habari. Kimondo ni cha kwetu, sentensi ni ya Nott.

Lakini tuwe wakweli pia. Hakuna masimulizi ya kwetu yanayoeleza siku kilipoanguka, na wataalamu wanaona hiyo ni dalili kwamba kilianguka zamani mno, kabla ya kumbukumbu za watu wanaoishi hapa sasa. Kwa hiyo nyimbo hazifiki kila mahali. Hata hivyo zinafika mbali kuliko tulivyozoea kudhani. Wanahistoria waliofanya kazi Tanzania miaka ya 60 walijenga historia yetu ya kabla ya ukoloni kwa kuwasikiliza wazee. Isaria Kimambo aliandika hivyo historia ya Wapare, kitabu kikatoka mwaka 1969. Mwaka 1968 Andrew Roberts alihariri kitabu cha historia za maeneo saba ya Tanzania kabla ya mwaka 1900, na Wanyiha wa huku kwetu wamo. Hawakuwa na hati za kutosha. Walikuwa na masimulizi, koo na watu wa kuulizwa. Wazo la Kagan kwamba wimbo unaweza kuwa ramani si ndoto ya sayari za mbali. Pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilikuwa kazi ya kila siku.

Sasa sharti langu. Sina kinyongo na neno kuvuka mpaka na kubadilishwa. Kiswahili chenyewe kimejengwa hivyo, na hilo "huru" lenyewe tulilipata kwa Waarabu. Ninachotaka ni sisi nasi tuwe upande wa wanaoandika na wanaobishana. Katama Mkangi wa Kenya alituonyesha njia mwaka 1995 kwa riwaya yake Walenisi. Mhusika wake Dzombo anahukumiwa kifo kwa kurushwa angani, naye anaishia kutua kwenye dunia ya watu walio sawa. Jina la nchi hiyo ukilikata vipande unapata "wale ni sisi". Hakuhitaji kumwazima mtu chombo cha anga. Lakini ni wangapi kati yetu tumeisoma? Tunajua majina ya vyombo vya Wamarekani, Dzombo hatumjui.

Nichols alifariki mwaka 2022. Kabla ya hapo, kuanzia mwaka 1977, alisaidia NASA kuwavuta wanawake na watu weusi kuomba nafasi za uanaanga, na Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kwenda angani, mwaka 1992, amesema wazi kwamba Uhura alimpa hamasa. Kwa hiyo neno hilo, pamoja na kosa lake la sarufi, limefanya kazi ya kweli. Limewapa watu uhuru kidogo. Sisi wenye lugha tulisahihishe sarufi tukipenda, ila tukimaliza tuandike riwaya yetu, ambayo Nyota yuko kwenye jalada na katikati ya kisa pia. Wasomaji wataamua kama inafaa. Wasomaji wakishikilia jina, hata studio hufuata, ingawa baada ya miaka 27.

Nanyi mnasemaje? Uhura aendelee na "a" yake, au tumrudishie "u"?