Kupeana mikono (katika mawasiliano ya kompyuta)

kupeana mikono *kitenzi-jina, ngeli ya KU.* 1. Kushikana mikono kwa kusalimiana, kuagana, kupongezana au kupeana pole. 2. *(kompyuta)* Hatua ya ufunguzi ambapo mashine mbili hukubaliana juu ya itifaki kabla ya kubadilishana data.

Maana. Baadhi ya wafasiri huandika *salamu* kwa maana ya pili. Neno hilo halitoshi, kwa kuwa salamu yaweza kutolewa isiitikiwe, ilhali kupeana mikono kwa mashine hakukamiliki bila jibu lililo sahihi.

Mfano ulio karibu zaidi ni desturi ya jani la sale. Machame, kama kwingineko Uchagani, mkosaji humpelekea aliyemkosea jani hilo, la mmea uleule unaopandwa mipakani mwa vihamba. Jani ni ombi la upatanisho. Likipokewa, uhusiano wa wawili hao umebadilika. Mfano huu wafaa darasani, lakini *sale* lisifanywe istilahi: kwenye kompyuta hapana kosa linalosamehewa.

Matumizi. Katika websoketi, iliyosanifiwa mwaka 2011 kwa waraka RFC 6455, kivinjari hutuma ombi la HTTP lenye ufunguo wa nasibu wa herufi 24. Seva huunganisha ufunguo huo na mfuatano maalumu wa herufi 36, hukokotoa muhtasari wa SHA-1, huuandika kwa Base64, kisha huurudisha pamoja na msimbo 101. Ufunguo huo si siri wala hauthibitishi utambulisho wa mtu. Jibu huonyesha tu kwamba seva inaielewa itifaki. Kwa hiyo *ufunguo* hapa usifasiriwe kuwa *nywila*.

Anayeongeza uwezo huu katika maktaba ya seva ndogo, iliyopachikwa ndani ya kifaa, hukabili jambo jingine. Maktaba iliyozoea kujibu na kufunga muunganisho sharti sasa ijibu na kuuacha wazi, kwa sababu baada ya msimbo 101 mazungumzo ya HTTP yamekwisha na kila upande waweza kutuma ujumbe bila kungoja kuulizwa.

Mifano.
*Kupeana mikono kumekamilika. Kifaa kilichomo kihambani kinatuma kipimo cha unyevu kila dakika.*
*Seva ilikataa kupeana mikono kwa kuwa ombi halikutaja toleo la 13.*

Tahadhari. Majina yanayosomwa na mashine, kama vile *Upgrade* na *Sec-WebSocket-Key*, hayafasiriwi wala kubadilishwa tahajia. Yakiandikwa kwa Kiswahili ndani ya programu, seva haitayatambua na muunganisho hautafunguka. Hufasiriwa maelezo yake tu.

Linganisha: *itifaki, mapatano, muunganisho, itikia.*