Waliocheza Menengai: Wanafunzi wa Alliance na Futuhi ya Kiswahili katika Bonde la Ufa

Msafiri atokaye Kikuyu kwenda Nakuru huteremka ukingo wa Bonde la Ufa, akapita Naivasha na Gilgil, kisha akafika Kikopey, mahali panaposifika siku hizi kwa nyama choma ya kando ya barabara kuu. Katikati ya miaka ya hamsini njia hiyo haikuwa ya starehe kwa kijana Mkikuyu. Hali ya Hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952. Maskwota wa Kikuyu walikuwa wamefukuzwa kwa maelfu kutoka mashambani. Kituo cha polisi cha Naivasha kilikuwa kimevamiwa na wapiganaji wa Mau Mau tarehe 26 Machi 1953. Ardhi kubwa iliyozunguka ziwa la Elementaita ilikuwa ya walowezi, akina Delamere wakiwamo. Na mwisho wa njia palikuwa Nakuru, mji wa walowezi hasa. Ndiko wanafunzi wa Alliance High School walikopeleka michezo yao ya Kiswahili, wakaicheza katika ukumbi wa Menengai Social Hall.

Watunzi wanaokumbukwa ni wanne: Henry Kuria, Kimani Nyoike, Gerishon Ngugi na B. M. Kurutu. Mchezo wa Kuria, *Nakupenda Lakini*, ulichapishwa 1957. Ule wa Gerishon Ngugi, *Nimelogwa! Nisiwe na Mpenzi*, ulichapishwa 1961. Majina yenyewe yatosha kuonyesha mkondo wa kazi hizi: mapenzi yenye kikwazo, uchawi unaosingiziwa, vijana walionaswa kati ya matakwa yao na matakwa ya wazee. Kurutu yeye aliwataja polisi katika jina la mchezo wake, jambo ambalo katika miaka ile halikuhitaji maelezo kwa hadhira.

Hukumu ambayo ni rahisi kutolewa juu ya michezo hii ni kwamba ilikuwa mepesi, yenye mafunzo ya kimisheni, tena isiyogusa siasa wakati nchi ilipokuwa ikiwaka moto. Hukumu hiyo ina ukweli wake. Shule ilikuwa chini ya Edward Carey Francis, aliyeiongoza kuanzia 1940 hadi 1962, na hapana mwanafunzi ambaye angetunga mchezo juu ya ardhi iliyoporwa akabaki darasani. Kuna pia athari ya Graham Hyslop, Mwingereza aliyeshughulikia maendeleo ya drama nchini Kenya, ambaye michezo yake miwili ya Kiswahili, *Mgeni Karibu* na *Afadhali Mchawi*, ilichapishwa 1957 vilevile. Mtu akisoma kazi hizi akiwa na *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein (1969) mkononi, ataziona changa kabisa.

Lakini kuzipima kwa maandishi peke yake ni kusahau kwamba zilichezwa. Alliance ya wakati ule ilikuwa na drama yake rasmi, nayo ilikuwa ya Shakespeare: *As You Like It* 1955, *Henry IV* 1956, *King Lear* 1957, *A Midsummer Night's Dream* 1958. Hiyo ndiyo iliyokuwa sanaa yenye heshima, na Kiingereza ndicho kilichompandisha mtu cheo. Jijini Nairobi, Kenya National Theatre, iliyofunguliwa Novemba 1952, ilitawaliwa na michezo ya Wazungu. Vijana waliochagua kutunga kwa Kiswahili, lugha ambayo kwa wengi wao haikuwa ya mama, walijitwika kazi ambayo shule haikuwadai. Tena hawakuishia jukwaa la shule.

Hapo ndipo uzito wa Menengai ulipo. Mashambani mwa Bonde la Ufa, kuanzia Naivasha hadi ng'ambo ya Nakuru, Kiswahili alichokisikia mfanyakazi kutoka kwa bwana shamba kilikuwa Kisetla: lugha ya leta, peleka, ngoja, toka, lugha isiyokuwa na tafadhali wala upatanisho wa ngeli. Isidhaniwe kwamba wafanyakazi wenyewe hawakuwa na Kiswahili kingine. Walikuwa nacho, maana Mkikuyu, Mluo, Mluhya na Mkalenjin waliokutana kambini au sokoni wasingeelewana bila hicho. Ila hicho cha kwao hakikuwa na jukwaa. Futuhi ya wanafunzi iliwapa watu wa mji huo Kiswahili ambacho ndani yake mtu huposa, hubembeleza, hudanganya, huaibika na kuchekwa. Kwamba mafunzo ya mwisho yalikuwa ya kishule hakuondoi tendo lenyewe. Upungufu ulikuwapo, na mkubwa. Shule ilikuwa ya wavulana watupu, na mwanamke wa jukwaani, ambaye mara nyingi ndiye aliyelengwa na kicheko, hakuwa na sauti katika utunzi.

Miongoni mwa walioingia Alliance mwaka 1955 alikuwamo kijana wa Kamirithu, Limuru, aliyekuja kujulikana kama Ngũgĩ wa Thiong'o. Katika *Decolonising the Mind* (1986) aliwataja watunzi hawa wa Kiswahili. Yeye mwenyewe, pamoja na Ngũgĩ wa Mirii na mwelekezi Kimani Gecau, alikwenda mbali zaidi: *Ngaahika Ndeenda* ilichezwa na wakulima na wafanyakazi wenyewe katika ukumbi wa wazi walioujenga kwa mikono yao, kuanzia tarehe 2 Oktoba 1977 hadi serikali ilipoupiga marufuku tarehe 16 Novemba. Sifa za Kamirithu ni za haki. Hata hivyo, mwanafunzi wa historia ya Kiswahili hana budi kuona kwamba jukwaa lilipofika kijijini lilisema Kigikuyu. Kwa Limuru hilo lilitosha. Kwa kambi za Gilgil, Kikopey na Nakuru, ambako jirani wa Mkikuyu alikuwa Mturkana au Mluhya, lisingetosha. Na huko ndiko wavulana wa Alliance walikokwisha kufika na Kiswahili chao miaka ishirini na ushei kabla.