Kiti cha Enzi Sebuleni: Historia Inatusaidiaje Kuchagua Samani za Kale?

Siku hizi kasha la Kizanzibari limegeuka meza ya kahawa. Utaliona kwenye sebule za Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa, limepambwa kwa misumari ya shaba, juu yake kuna rimoti na vikombe viwili. Si vibaya. Lakini tuseme umejichanga, una hela ya kununua samani moja tu ya kale. Uchague ipi?

Ushauri wa kawaida ni huu: chukua unachokipenda, mradi kiendane na rangi ya ukuta. Historia inauliza swali jingine kabisa: kitu hiki kilitengenezwa kufanya kazi gani, na nyumba ya namna gani? Ukishajua hilo, utajua kama mtaweza kuishi pamoja.

Tuanze na nyumba

Twende Lamu ya karne ya 18, kwenye nyumba za mawe za waungwana. Dari zake zilibebwa na boriti, yaani miti ya mikoko. Boriti ina nguvu, ila urefu wake unaofaa kubeba dari nzito ya mawe na chokaa una mwisho. Kwa hiyo vyumba vilikuwa vyembamba, upana wa mita 3 hivi au pungufu, lakini virefu kama ujia. Ukutani kulikuwa na zidaka za lipu iliyonakshiwa, na humo ndimo vyombo vya kauri vilipopangwa. Kwa maneno mengine, kabati lilikuwa ni ukuta wenyewe.

Chumba kama hicho hakihitaji vitu vingi sakafuni. Kinahitaji vichache, vizito, vinavyokaa kando ya ukuta na kuonekana vizuri. Ndiyo maana samani za pwani zina sura ya kujitegemea: kila kimoja kinataka nafasi yake. Ukizijaza nne kwenye sebule ya fleti ya kisasa, zinaanza kugombana.

Chukua kitanda cha samadari, kile chenye nguzo zilizochongwa kwa mashine ya kukereza na vioo vilivyopakwa rangi. Kiko juu kiasi kwamba mtu huhitaji kigoda cha kupandia. Kwenye chumba chenye dari ndefu kinapendeza kweli. Kwenye chumba chenye dari fupi, feni itakuwa jirani yako wa karibu mno. Kwa hiyo kabla hujauliza bei, beba futi ya kupimia.

Kiti kisichotaka ulale

Kiti cha enzi ndicho maarufu kuliko vyote. Kimetengenezwa kwa mbao nyeusi nzito, mgongo umesimama wima, pembe zote ni za mraba, sehemu ya kukalia imesukwa kwa kamba, mbele kuna pa kuwekea miguu. Vingi vimepambwa kwa vipande vya pembe za ndovu. Wanahistoria bado wanabishana kuhusu asili yake: wengine wanaangalia Misri ya enzi za Wamamluki, wengine wanaangalia viti vya Wareno na Wahispania vilivyopitia Bahari ya Hindi. Vyovyote iwavyo, mafundi wa visiwa vya Lamu walikifanya kikawa chao.

Sasa jaribu kukikalia. Hakikuruhusu kujinyoosha. Kinakunyanyua, kinakunyoosha mgongo, kinakuweka mbele ya watu. Hiyo ndiyo kazi yake: kumkalisha mzee au mgeni wa heshima huku wengine wakiwa chini, mkekani au kwenye viti vya kawaida. Kama wewe ni mtu wa kuangalia mpira umejilaza, kiti hiki hakitakupenda. Kama nyumba yako ni ya kupokea wageni na unataka mgeni ajisikie amepewa heshima, basi mmepatana.

Kasha "la Zanzibar" lilitoka wapi?

Hapa ndipo watu wengi hushangaa. Makasha mengi ya zamani tunayoyaita ya Kizanzibari yalitengenezwa pwani ya magharibi ya India, sehemu kama Surat, Bombay na Malabar, mara nyingi kwa mbao za msaji. Yalivuka bahari kwa majahazi yaliyosukumwa na pepo za msimu, yakiwa bidhaa au yakiwa masanduku ya mabaharia wenyewe. Baadaye mafundi wa pwani yetu nao wakayatengeneza.

Kwa hiyo ukitafuta samani ya Kiswahili "safi" isiyochanganyika, utatafuta sana. Waungwana wa Lamu na Unguja walichanganya kasha la India, sahani za China, na katika karne ya 19 hata saa za ukutani kutoka Marekani. Walichagua vitu vya kuonyesha kwamba nyumba yao inajulikana ng'ambo. Usiogope basi kuweka kasha karibu na kochi la dukani. Kuchanganya ndiyo mila yenyewe.

Je, ni cha kale kweli?

Muuzaji atasema kina miaka 200. Unaweza kudhani maabara itamaliza ubishi kwa kupima kaboni-14. Bahati mbaya, kipimo hicho kinakwama palepale tunapokihitaji. Kati ya mwaka 1650 na 1950 hivi, kiasi cha kaboni-14 angani kilipanda na kushuka, kisha moshi wa makaa ya mawe ukakivuruga zaidi. Matokeo yake, kipande kimoja cha mbao kinaweza kulingana na miaka ya 1700 na pia ya 1800. Lakini kipimo kinaweza kumnasa mwongo: majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yaliongeza sana kaboni-14 angani, hivyo mti uliokua baada ya hapo hujulikana. Tatizo ni kwamba fundi mjanja anaweza kutumia mbao kuukuu kutengeneza kasha jipya.

Macho na vidole vyako vinabaki kuwa muhimu. Mbao husinyaa zaidi kwa upana kuliko kwa urefu, kwa hiyo meza ya duara iliyozeeka haiwi duara kamili. Ipime pande mbili. Chungulia chini na nyuma, mahali ambapo hakuna anayepiga vanishi. Alama za msumeno zilizopinda kama upinde ni za msumeno wa mviringo wa mashine, na mashine hiyo ilienea karne ya 19. Misumari ya kufuliwa kwa mkono ina kiwiliwili cha pembe nne. Halafu angalia kuchakaa: mikono huchakaza pale mkono unapokaa, miguu pale inapokanyaga. Kuchakaa kulikosambaa sawasawa kila mahali kumetengenezwa kwa msasa. Na ukiona unga mpya chini ya vitundu, wadudu bado wanabungua. Usikiingize ndani kabla hakijatibiwa.

Nani hakukikalia?

Zile pembe za ndovu kwenye kiti cha enzi zina safari yake. Katika karne ya 19 pembe zilitoka bara kwenda Bagamoyo na bandari nyingine mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, katika uchumi uleule uliouza watu sokoni Unguja hadi soko hilo lilipofungwa mwaka 1873. Watu wale walikibeba kiti kabla hakijawa kiti, na hawakukikalia.

Sheria nayo imebadilika. Julai 1989 Rais Daniel arap Moi alichoma tani 12 za pembe jijini Nairobi, na mwaka huohuo nchi za mkataba wa CITES zikaamua kupiga marufuku biashara yake ya kimataifa. Sheria za mambo ya kale za Tanzania na Kenya nazo zinabana usafirishaji wa vitu vya aina hii nje ya nchi. Kwa hiyo muulize muuzaji kilitoka nyumba gani, na karatasi ziko wapi. Asipokuwa na jibu, ondoka, hata kama bei ni tamu. Kiti kipya cha fundi anayejulikana, kisicho na pembe, kinampa mgeni heshima ileile.

Na ukikipata cha kale chenye historia inayofuatilika, kiweke mahali mgeni atauliza. Akiuliza, msimulie yote: fundi, jahazi, mzee aliyekikalia, na mpagazi pia.