Ulanga wa Milima ya Uluguru

Ukitaja machimbo mbele ya watu wa Kemambo, katika nchi ya Tarime, watakutajia dhahabu. Leo lakini nataka kusimulia habari za jiwe lisilo na sifa kubwa, nalo ni ulanga, lililochimbwa katika milima ya Uluguru, karibu na Morogoro, tangu zamani za Wadachi.

Ulanga huo hukaa katika mishipa ya mwamba uitwao pegmataiti, pamoja na felspa na kwatzi. Hapo kale mwamba huo ulikuwa umeyeyuka kwa joto chini ya ardhi. Ulipopoa, fuwele zake zilikua kubwa mno, na ulanga ukapangika kama kurasa za kitabu. Mchimbaji huvunja mwamba, kisha mchambuzi hupasua kurasa kwa kisu na kukata kingo mbovu. Sehemu kubwa ya kilichochimbwa hutupwa, na hapo ndipo jasho jingi lilipopotea. Felspa ni nzito, tena bei yake ndogo. Ulanga ndio uliostahili kuteremshwa mlimani. Reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907.

Nani aliutaka? Ulanga haupitishi umeme, wala hauharibiwi upesi na moto. Katika vita vya 1939 hadi 1945 ulitafutwa sana kwa vyombo vya simu ya upepo na injini za eropleni. Basi habari za vita zilizosikiwa mijini katika miaka ile zilipita katika vipande vya jiwe kama hili. Na yaelekea Mluguru aliyelichimba hakuwa na chombo cha kuzisikilizia nyumbani kwake.