Maombi ya nafasi za utafiti wa nanomateriali nchini Tanzania

Maombi ya nafasi za utafiti wa nanomateriali ni hatua anazofuata mhitimu wa sayansi au uhandisi ili akubaliwe kufanya kazi katika maabara ya chuo kikuu inayoshughulika na vitu vidogo sana, vyenye ukubwa wa nanomita 1 hadi 100. Nchini Tanzania nafasi hizo hupatikana zaidi kwa kujiunga na masomo ya uzamili au uzamivu. Chache ni za usaidizi wa utafiti ndani ya mradi, na chache zaidi ni ajira ya kudumu. Kwa wakazi wa Kilema, Marangu, Moshi na maeneo mengine ya mteremko wa Kilimanjaro, chuo kilicho karibu kinachojulikana kwa utafiti huo ni Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela (kifupi: NM-AIST), iliyoko Tengeru, kando ya barabara kuu ya Moshi–Arusha.

Nanomateriali ni nini

Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele wa binadamu una unene wa nanomita 80,000 hivi. Kitu kikigawanywa hadi kufikia kipimo hicho, uzito wake haubadiliki lakini eneo la uso wake huongezeka mno. Mchemraba wenye upande wa sentimita 1 una uso wa sentimita za mraba 6. Ukikatwa katika vipande vyenye upande wa nanomita 10, jumla ya nyuso zake inakuwa mita za mraba 600, yaani zaidi ya kiwanja kizima cha netiboli. Kwa kuwa kemikali hukutana na kushikana juu ya uso, nanomateriali hutumika kunasa uchafu katika maji, kuharakisha mmenyuko wa kemikali, kutengeneza betri na seli za sola, na kupeleka dawa mwilini.

Malighafi si lazima itoke ng'ambo. Maganda ya mpunga yana silika nyingi. Maganda ya kahawa na ya ndizi, ambayo katika vihamba vya Wachaga hutupwa au hurudishwa shambani kama mbolea, yanaweza kuchomwa bila hewa ya kutosha na kutengenezewa kaboni yenye vitundu vidogo vinavyonasa kemikali. Kilema ina nafasi yake katika historia ya kahawa: misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa huko na mapadre wa Roho Mtakatifu mwanzoni mwa miaka ya 1890 ni kati ya mahali pa kwanza ambapo zao hilo lilipandwa Kilimanjaro. Mwombaji anayetoka huko anaijua malighafi hiyo kwa mikono yake, jambo lenye uzito katika andiko la utafiti kuliko waombaji wengi wanavyodhani.

Tatizo la floridi

Sababu kubwa iliyofanya utafiti huo ukue kaskazini mwa Tanzania ni maji. Miamba ya volkeno ya Bonde la Ufa na ya maeneo yanayozunguka Mlima Meru huachilia floridi katika chemchemi na visima. Shirika la Afya Duniani linapendekeza floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Tanzania kwa muda mrefu iliruhusu hadi miligramu 4, kwa sababu vyanzo vingi vya vijijini visingeweza kufikia kiwango cha chini ya hapo. Mtoto anayekunywa maji yenye floridi nyingi wakati meno yake yanakua hupata madoa ya kahawia yasiyofutika. Kiwango kikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa na viungo huharibika pia.

Kuchemsha maji hakusaidii. Maji yakipungua kwa mvuke, floridi hubaki na hivyo huongezeka katika kila lita. Kituo cha Ngurdoto, wilayani Arumeru, kimetafiti kwa miaka mingi uondoaji wa floridi kwa kutumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe, njia inayofanya kazi vizuri ingawa si watu wote wanaoikubali kwa sababu ya mila au dini. Maji ya mifongo yanayotoka msituni juu ya Kilema kwa kawaida hayana floridi nyingi kama visima vya ukanda wa tambarare.

Mfano unaotajwa zaidi katika fani hii ni wa Askwar Hilonga, mhandisi wa kemia aliyezaliwa Gongali, wilaya ya Karatu. Alipata shahada ya uzamivu katika nanoteknolojia kwenye Chuo Kikuu cha Hanyang, Korea Kusini, kisha akawa mhadhiri NM-AIST. Alibuni chujio linalounganisha mchanga na nanomateriali, ambalo hurekebishwa kulingana na uchafu uliomo katika maji ya mahali husika. Mwaka 2015 alikuwa mshindi wa kwanza kabisa wa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pamoja na pauni 25,000. Kampuni yake imepewa jina la kijiji chake.

Taasisi

NM-AIST ilizinduliwa rasmi mwaka 2012 na Rais Jakaya Kikwete. Haina wanafunzi wa shahada ya kwanza. Hufundisha uzamili na uzamivu tu. Nanomateriali huangukia hasa katika skuli ya materiali, nishati, maji na mazingira. Taasisi hiyo ilipata pia vituo viwili vya umahiri chini ya mradi wa Benki ya Dunia wa Afrika Mashariki na Kusini, kimoja kikiwa cha maji na nishati endelevu (WISE-Futures) na kingine cha kilimo na lishe (CREATES). Vituo hivyo vililipia masomo ya wanafunzi wengi, na mwombaji afahamu kwamba fedha za aina hiyo huja kwa vipindi vya mradi: tangazo la mwaka mmoja si ahadi ya mwaka unaofuata.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara za fizikia na kemia zilizojenga uzoefu katika tabaka nyembamba za sola na katika vichocheo vya kemikali. Kwa walio Moshi wanaopenda upande wa tiba, hospitali ya rufaa ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, ina chuo na taasisi ya utafiti, lakini kazi yake kuu ni magonjwa, si utengenezaji wa materiali.

Vifaa vya gharama kubwa, kama hadubini ya elektroni inayoonyesha umbo la chembe, si vya kawaida katika maabara za Afrika Mashariki. Mara nyingi sampuli hutengenezwa Tengeru au Dar es Salaam na kupelekwa Afrika Kusini, Asia au Ulaya kupimwa. Hii ni gharama, na ni ucheleweshaji wa wiki au miezi. Andiko la utafiti lisiloeleza sampuli zitapimwa wapi na nani atalipa hurudishwa, hata kama wazo lake ni zuri.

Aina za nafasi

Nafasi ya mwanafunzi ndiyo mlango wa kawaida. Uzamili huchukua takriban miaka miwili, uzamivu mitatu au zaidi. Mwanafunzi hulipa ada au hulipiwa na mfadhili.

Msaidizi wa utafiti huajiriwa na mradi kwa miezi au mwaka mmoja. Kazi yake ni kukusanya maji, kupima pH, kuosha vyombo, kuweka kumbukumbu na kuendesha vifaa vidogo. Malipo si makubwa na nafasi nyingi hazitangazwi mbali. Hujazwa na watu waliofanya mafunzo kwa vitendo katika maabara hiyohiyo. Kwa hiyo mwanafunzi wa shahada ya kwanza anayeomba mafunzo ya likizo Tengeru huwa ameshaanza maombi yake ya baadaye, ajue au asijue.

Ajira ya kudumu katika vyuo vya umma hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma kupitia mfumo wake wa intaneti. Matangazo ya mwanataaluma msaidizi, ngazi ya chini ya ualimu wa chuo kikuu, kwa kawaida hutaka GPA isiyopungua 3.8 kati ya 5 katika shahada ya kwanza. Hapa ndipo wengi huachwa, kwani GPA hiyo imo katika daraja la pili la juu, na maksi za mwaka wa kwanza zinahesabiwa sawa na za mwaka wa mwisho.

Nyaraka

Mwombaji huandaa vyeti vya kidato cha nne na cha sita, cheti cha shahada pamoja na matokeo ya kila somo, cheti cha kuzaliwa, namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), wasifu, barua ya maombi na majina ya wadhamini. Sekretarieti ya Ajira haipokei hati za matokeo ya muda za kidato cha nne na cha sita badala ya vyeti. Aliyesoma nje ya nchi hupeleka cheti chake cha chuo kikuu Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) kitambuliwe.

Majina huwaumiza waombaji wa Kilimanjaro mara kwa mara. Mtu aweza kuwa na jina la ubatizo katika cheti cha shule ya msingi, jina la ukoo katika kitambulisho, na jina la babu katika cheti cha kuzaliwa kilichotolewa baadaye. Mfumo wa maombi huwaona hao kuwa watu watatu. Dawa yake ni hati ya kisheria ya kuthibitisha au kubadili jina, iliyoandaliwa na wakili na kusajiliwa. Kazi hiyo yafaa ianze kabla tangazo halijatoka, maana siku 14 za tangazo hazitoshi.

Kumwandikia msimamizi

Kwa uzamivu, na mara nyingi kwa uzamili wa utafiti, jibu la msimamizi lina uzito kuliko fomu. Barua pepe huandikwa kwa Kiingereza, lugha ya vyuo vikuu vya Tanzania, na huwa fupi. Hueleza mwombaji ni nani, amesoma nini, ni makala gani ya msimamizi ameisoma, na ni swali gani angependa kulifanyia kazi. Mhadhiri huitwa kwa cheo chake, Dkt. au Profesa, pamoja na jina lake. Barua moja iliyotumwa kwa wahadhiri 40, yenye salamu isiyomtaja yeyote, hutambulika kwa sentensi ya kwanza.

Swali zuri ni dogo. “Nataka kusafisha maji ya Tanzania” si swali la utafiti. Kuuliza kama kaboni ya maganda ya kahawa iliyopakwa oksidi ya alumini hunasa floridi vizuri kwenye pH ya maji ya visima vya tambarare, na hunasa mara ngapi kabla ya kuchoka, ni jambo linaloweza kupimwa. Msimamizi ataona pia kama mwombaji anafahamu njia za kupima: eksirei kwa mpangilio wa fuwele, hadubini ya elektroni kwa umbo, na njia ya BET kwa eneo la uso, inayobeba herufi za kwanza za Brunauer, Emmett na Teller walioieleza mwaka 1938.

Kimya cha wiki mbili au tatu ni cha kawaida. Ukumbusho mmoja wa heshima unakubalika, na kumpigia mhadhiri simu usiku hakukubaliki.

Ufadhili

Mbali na fedha za miradi, wapo wafadhili wanaojulikana. DAAD ya Ujerumani hutoa ufadhili wa kusoma ndani ya Afrika. TWAS, chuo cha wanasayansi wa nchi zinazoendelea chenye makao Trieste, Italia, hutoa nafasi za uzamivu katika nchi za kusini, na shirika la OWSD hufanya hivyo kwa wanawake. Serikali za Korea Kusini, China na Japani zina ufadhili wa kila mwaka. Nchini Afrika Kusini, kiti cha UNESCO na UNISA cha nanosayansi, kinachoshirikiana na iThemba LABS, hupokea watafiti kutoka nchi nyingi za Afrika.

Matapeli hufuata palepale penye matumaini. Ada ndogo ya maombi inayolipwa kwa namba rasmi ya malipo ya serikali ni jambo la kawaida katika vyuo vya Tanzania. Si kawaida kuombwa fedha kwa namba ya simu ya mtu binafsi ili “kuhifadhi nafasi”, wala kupewa ufadhili ambao mtu hakuuomba.

Vibali

Mtafiti asiye raia huomba kibali cha utafiti kwa Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, kisha kibali cha ukaazi daraja C. Raia anayetaka kuchunguza meno ya watoto wa shule au kuchukua mkojo kupima floridi anahitaji ithibati ya maadili, iwe kutoka Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) au kamati inayotambuliwa nayo. Kaskazini ipo kamati ya pamoja ya hospitali ya Kibong'oto, NM-AIST na chuo cha CEDHA cha Arusha. Kuchota maji tu hakuhitaji ithibati hiyo, ila barua ya kujitambulisha kwa ofisi ya wilaya na kwa mwenyekiti wa kijiji hutakiwa. Katika kata za Kilema, ambako mfongo una wenyewe na ratiba yake ya maji, mtafiti anayefika na chupa zake bila kupita kwao kwanza aweza kurudishwa barabarani.