Biti ya Tisa

Prosesa ya Xeon E5-2670 ya Intel ilitoka Machi 2012 kwa bei ya dola 1,552 za Marekani. Ilikuwa na viini 8, kashe ya megabaiti 20, na ikifanya kazi kwa nguvu zake zote ilikula wati 115 za umeme. Makampuni makubwa ya intaneti yalizijaza kwenye seva zao. Kufikia 2016 yalikuwa yanazing'oa na kuzimwaga sokoni, prosesa ile ile ikapatikana kwa chini ya dola 100. Viwanda vya China vikatengeneza ubao mama wa bei rahisi wa kuipokea, na baadaye prosesa hizo zikatufikia hata sisi mafundi wa Kariakoo. Tangu hapo swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Fundi, nichukue i7 au Xeon?"

Anauliza kijana anayehariri video za harusi, anauliza mama mhasibu wa SACCOS. Wote wawili wanataka kujua ipi ina nguvu zaidi. Nguvu naweza kuwapimia hapo hapo mezani, haichukui dakika kumi. Kinachonichukua muda kuwaeleza ni kwamba mpaka kati ya prosesa ya mezani kama i7 na prosesa ya seva kama Xeon umechorwa na watu, umehamishwa mara nyingi kwa sababu za biashara, na ni sehemu moja tu ya mpaka huo ninayoiheshimu kwa moyo wote.

Sehemu hiyo ina umri mkubwa kuliko prosesa zenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Richard Hamming, mwanahisabati wa maabara za Bell kule Marekani, alikuwa akitumia kompyuta ya rilei yenye uwezo wa kutambua kwamba imekosea. Siku za kazi walikuwepo wahudumu wa kuirekebisha. Wikendi hakukuwa na mtu, kwa hiyo ikigundua kosa iliiacha kazi ile na kushika inayofuata. Hamming alikuwa akipangiwa wikendi. Anafika Jumatatu, anakuta kazi yake imeachwa njiani. Akajiuliza: ikiwa mashine inaweza kujua kwamba kuna kosa, inashindwaje kujua liko wapi na kulirekebisha? Jibu lake alilichapisha mwaka 1950. Unaongeza biti chache za ukaguzi juu ya biti za data, unazipanga kwa namna ambayo biti moja ikigeuka, ukaguzi unakuonyesha ni ipi. Na kwa kuwa biti ina hali mbili tu, sifuri au moja, ukishaijua iliyogeuka kazi imekwisha: unaigeuza tena. Naipenda mno hoja hiyo. Kila ninapochomoa ramu ya seva nikakuta chipu tisa upande mmoja badala ya nane, namkumbuka Hamming na Jumatatu zake.

Biti hugeuka kweli, hata kwenye ramu nzima isiyo na hitilafu. Mwaka 1978 Timothy May na Murray Woods wa kampuni ya Intel walieleza kwamba chembe ndogo mno za urani na thori zilizokuwamo kwenye seramiki ya kufungashia chipu zilikuwa zikitoa mionzi ya alfa inayotosha kubadili kilichoandikwa kwenye ramu. Baada ya hapo ikathibitika kwamba hata mionzi inayotoka angani hufanya hivyo. Mashine maarufu ya Cray-1, ile ya kwanza kabisa iliyopelekwa maabara ya Los Alamos mwaka 1976, iliweza kugundua makosa ya kumbukumbu lakini haikuweza kuyasahihisha, na katika miezi sita ya majaribio ilisimamishwa na makosa hayo zaidi ya mara mia moja. Zilizofuata zikawekewa usahihishaji.

Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981, ambayo kompyuta zetu za mezani ni wajukuu zake, ilikuwa na biti ya tisa kwa kila biti nane za data. Haikuweza kusahihisha, ila iliweza kushtuka: ikiona hesabu haiendi, ilisimama na kuandika ujumbe kwenye skrini. Miaka ya 1990, katika vita ya bei kati ya watengenezaji, biti ile ikaondolewa. Ilikuwa inaongeza moja ya nane juu ya gharama ya ramu, na mnunuzi dukani hakuiona. Hapo ndipo kompyuta ya mezani ilipopoteza kitu cha maana, na watu wakaendelea kuinunua bila kujua.

Huku kwetu habari ilikuwa na mkondo wake. Wizara ya Fedha ya Tanzania ilikuwa na kompyuta tangu mwaka 1965, lakini mradi wake wa hesabu ulikwenda kombo, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Kwa hiyo wakati dunia inahama kutoka mashine kubwa za kujaza chumba kwenda kompyuta za mezani, sisi wengi wetu tulikuwa nje ya mlango. Milango ilipofunguka tulikutana moja kwa moja na kompyuta ya mezani, na ofisi nyingi nilizopita zilikuwa zikiita "seva" kompyuta ya kawaida iliyowekwa pembeni, imefunikwa kitambaa, isiyotakiwa kuzimwa.

Mpaka kati ya prosesa za mezani na za seva Intel walianza kuuchora Novemba 1995 kwa Pentium Pro. Kashe yake ilikaa ndani ya kifungashio kimoja na prosesa, na prosesa nne ziliweza kushirikiana kwenye ubao mmoja. Lakini programu za zamani zilizokuwa bado zimejaa ndani ya Windows 95 hazikukimbia vizuri juu yake, kwa hiyo ikaenda kwenye seva na maabara. Zaidi ya 9,000 zilifungwa kwenye kompyuta ya ASCI Red kule maabara ya Sandia, Marekani, mashine ya kwanza duniani kuvuka mahesabu trilioni moja kwa sekunde.

Mwaka 1998 familia ya prosesa zao ikagawanywa sehemu tatu: Celeron kwa mwenye kipato kidogo, Pentium II kwa wa kati, na mwezi wa Juni Xeon kwa wenye seva. Agosti mwaka huo huo ikatoka Celeron 300A, ya dola 149, na hii ndiyo iliyowafumbua macho mafundi wa kizazi changu. Kashe yake ilikuwa kilobaiti 128 tu, lakini ilikaa juu ya silikoni yenyewe na kwenda kwa kasi ile ile ya prosesa, wakati Pentium II ilikuwa na kilobaiti 512 zinazokwenda kwa nusu ya kasi. Ukibadilisha mpangilio mmoja kwenye ubao mama, ukapandisha kasi ya basi kutoka megahezi 66 hadi 100, prosesa ya megahezi 300 ikawa ya 450, na nyingi zilistahimili bila tabu. Mwaka uliofuata kampuni ya ABIT ikatoa ubao wa BP6 uliopokea Celeron mbili kwa pamoja. Prosesa mbili kwenye ubao mmoja ilikuwa heshima ya seva, na sasa mwanafunzi aliweza kuwa nayo chumbani. Intel wakafunga mlango: Celeron za kizazi kilichofuata hazikukubali tena kufanya kazi zikiwa mbili mbili. Silikoni ilikuwa na uwezo, ila ilikatazwa. Nikiulizwa kwa nini sina imani na jina lililoandikwa juu ya prosesa, naanzia hapo.

Waliokwenda mbali zaidi katika kuukataa mpaka huu ni Google. Larry Page na Sergey Brin walianzisha kampuni mwaka 1998 wakiwa hawana fedha za seva za fahari. Mwaka 1999 walipanga mbao mama nne nne kwenye trei moja, wakatandika gome la koki, lile la kutengenezea vizibo, chini yake ili umeme usigusane, wakasukuma kabatini. Ramu za mashine hizo hazikuwa na biti ya ukaguzi. Hoja yao ilikuwa kwamba mashine zote hufa, hata za bei kali, kwa hiyo ni afadhali ununue nyingi za bei ndogo na kuacha programu ishughulikie vifo. Katika makala ya mwaka 2003 wahandisi wao Luiz Barroso, Jeff Dean na Urs Hölzle waliweka hesabu wazi: kabati la seva 88 ndogo, lenye jumla ya prosesa 176 za Xeon za gigahezi 2 na gigabaiti 176 za ramu, liligharimu dola 278,000. Seva moja kubwa yenye prosesa 8 za kasi hiyo hiyo na gigabaiti 64 za ramu iligharimu dola 758,000. Wakati huo walikuwa na kompyuta zaidi ya 15,000, na baadhi zilikuwa bado zinaendeshwa na Celeron moja ya megahezi 533.

Hoja ilikuwa sahihi, isipokuwa mahali pamoja. Mashine ikifa, wenzake wanaona. Ramu ikigeuza biti, mashine haifi. Inaendelea kufanya kazi ikitoa majibu yasiyo kweli kwa uso uliotulia. Mwaka 2000 faharasa ya Google ilikwama, kila wakijaribu kuijenga upya inaharibika. Jeff Dean na Sanjay Ghemawat walishuka mpaka kwenye sifuri na moja zenyewe, wakakuta biti zimegeuka kwenye kumbukumbu. Iliwabidi waandike ukaguzi ndani ya programu yao, kazi ambayo ramu ya seva ingeifanya kimya kimya. Miaka tisa baadaye, Google ikiwa imeshahamia kwenye ramu inayojisahihisha, Bianca Schroeder wa Chuo Kikuu cha Toronto na wenzake wawili wa Google walichapisha vipimo vya mashine zake vya miaka miwili na nusu: takriban theluthi moja ya mashine zilipata kosa la kumbukumbu angalau mara moja kwa mwaka, na katika kila kadi 100 za ramu, 8 hivi ziliguswa.

Chuo Kikuu cha Virginia Tech kilipita njia hiyo hiyo kwa haraka zaidi. Mwaka 2003 kilinunua Power Mac G5 1,100, kompyuta za mezani za Apple, kila moja na prosesa mbili za PowerPC 970. Wanafunzi walijitolea kuzipanga, ujira wao piza. Kwa takriban dola milioni 5.2 walipata mahesabu trilioni 10.28 kwa sekunde, na Novemba mwaka huo wakashika nafasi ya tatu duniani. Mwaka uliofuata wakazing'oa zote na kuweka Xserve G5, seva zenye prosesa ya ukoo ule ule. Ramu za Power Mac hazikuwa na usahihishaji, na katika kompyuta 1,100 zinazoshughulikia hesabu moja kwa siku kadhaa, huwezi kuliamini jibu la mwisho. Sifa ya kasi walishaipata, ila mwanasayansi anahitaji jibu la kweli.

Hiyo ndiyo sababu mama mhasibu wa SACCOS simjibu kama ninavyomjibu kijana wa video. Chukua salio la shilingi 450,000, limehifadhiwa kama namba nzima. Biti moja ikigeuka, ile yenye thamani ya 65,536, salio linasomeka 515,536. Hakuna kengele, na kompyuta haizimi. Nakala ya akiba ya usiku inabeba kosa lile lile. Kwenye video ya harusi, biti iliyogeuka ni nukta moja ya rangi kwenye picha moja, hakuna atakayeiona, na kijana yule ni afadhali aweke fedha yake kwenye prosesa ya mezani yenye kasi kubwa kwa kila kiini. Mama huyu anashika akiba za watu wanaouza vitumbua na samaki. Yeye namtafutia ramu inayojisahihisha kabla sijafikiria kasi wala idadi ya viini.

Kampuni za prosesa zenyewe zimekuwa zikiuhamisha mpaka huu huku na huko. Athlon 64 FX-51 ya AMD, iliyotolewa Septemba 2003 kwa wacheza gemu, kimsingi ilikuwa Opteron ya seva: soketi ile ile ya pini 940, ramu zile zile za seva. Mwaka 2011 Xeon E3 ya Intel iliingia kwenye soketi ya Core i7 na kutumia silikoni ileile, na tofauti kubwa ikawa kwamba i7 ilizimiwa usahihishaji wa kumbukumbu. Mafundi wakafurahi, wakawa wananunua Xeon na kuifunga kwenye ubao wa kawaida. Mwaka 2015 ilipofika E3 v5, Intel wakaikataza kuwaka kwenye chipseti za kawaida, zile chipu zinazoongoza ubao mama. Januari 2021 Linus Torvalds, baba wa Linux, aliwashutumu Intel hadharani kwamba wao ndio walioua soko la ramu inayojisahihisha, na mimi naungana naye bila kusita. Kitu kinacholinda ukweli wa kumbukumbu za watu hakikupaswa kugeuzwa kuwa bidhaa ya anasa.

Sasa mambo yamelegea kidogo. Ryzen nyingi za mezani za AMD tangu 2017 zinakubali ramu hizo kama ubao mama unaruhusu, na mwaka 2022 Intel walirudisha uwezo huo kwenye Core i5 hadi i9 zao nyingi, kwa sharti kwamba ubao uwe na chipseti ya W680. Kilichoongezeka ni mkanganyiko mpya wa ramu za DDR5. Wauzaji wanasema zote zina ECC, yaani usahihishaji wa makosa. Kilichomo ni ukaguzi wa ndani ya chipu yenyewe. Njia kutoka kwenye ramu hadi kwenye prosesa inabaki wazi. Nikipokea mashine iliyouzwa kama seva naiwasha kwa Linux, nasoma upana wa kila kadi ya ramu: jumla na data. Zikilingana, 64 kwa 64, biti za ukaguzi hazipo, hata kama stika ya Xeon inang'aa kwenye kasha.